Tulikata utepe, tukasahau utepe

Maneno ya kamati ya fedha kwenye harambee ya mwaka ya umoja wetu, Dar es Salaam

 

Kwa kawaida sisi wa kamati ya fedha tukisimama hapa tunasoma mapato na matumizi, mnapiga makofi ya heshima, kisha mnaanza kunusa pilau. Hesabu za mwaka huu zimechapishwa kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Zimekaguliwa, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza. Leo tumeomba dakika chache tuzungumzie kosa. Ni kosa letu wenyewe, na ndilo lililozaa ombi la mwaka huu.

Mnakumbuka mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke tuliyoinunua kwa michango yenu kwa ajili ya kituo cha afya cha kata yetu. Wauguzi wanaiita otoklevu. Tulisafiri kwa basi hadi Kahama, tukaingia barabara ya vumbi, tukapokelewa kwa ngoma. Utepe mwekundu ukakatwa, picha zikapigwa, na picha moja ikawa jalada la kijitabu chetu. Kwenye vitabu tukaandika mali ya kudumu, tukafunga hesabu. Tukaona kazi imekwisha.

Desemba iliyopita, wengi wetu tulipokwenda nyumbani kwa sikukuu, watatu wa kamati hii tulipita kituoni kuhakiki mali. Ndiyo kazi yetu: kuangalia kama kilichoandikwa kipo. Mashine ilikuwepo, imefutwa vumbi, namba yake inalingana na ya kwenye daftari. Tukaweka alama ya vema. Mama muuguzi mfawidhi, aliyezalisha nusu ya watoto wa kata ile, akatuangalia, akatuuliza, "Wanangu, mmekagua mashine. Kazi yake nani anaikagua?"

Akafungua kabati, akatoa kifurushi cha vifaa vya upasuaji kilichofungwa kwa kitambaa. Juu yake palikuwa na kipande cha plasta ya kawaida, na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Akatuambia hicho ndicho kilichobaki. Utepe maalumu uliokuja na mashine uliisha miezi mingi nyuma. Na vile vikaratasi vya kuweka ndani ya kifurushi havikuwahi kufika, kwa sababu hatukuviagiza. Akasema, "Mmetuletea jiko, kuni hamkuleta."

Ndugu wanachama, siku ile tulikata utepe mmoja, tukasahau utepe wa pili. Tuwaeleze ni utepe gani huo, maana nasi tulikuwa hatuujui.

Kifaa cha upasuaji kikioshwa kikang'aa bado si salama. Viko vijidudu vinavyojifunika ganda gumu na kulala usingizi; wataalamu huviita spora. Pepopunda ni mmoja wa wenye tabia hiyo, na makao yake ni udongo na samadi. Sisi ni watu wa ng'ombe na mashimo ya dhahabu. Udongo na samadi ndiyo maisha yetu. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Ni ushindi mkubwa uliotokana na chanjo na uzazi safi, lakini spora zenyewe hazikuhama. Kuchemsha hakuziui kwa uhakika. Na nyumbani kwetu ni zaidi: Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko ukanda huohuo. Maji kwetu huchemka kwenye nyuzi takriban 96, si 100 kama hapa pwani.

Ndiyo sababu Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza otoklevu mwaka 1879. Mvuke ukifungiwa kwenye chombo imara, presha hupanda na joto hupita lile la maji yanayochemka. Kipimo kinachofundishwa ni nyuzi 121 kwa presha ya paundi 15, dakika 20 kwa vifaa vilivyo wazi na dakika 30 kwa vilivyofungwa kwa kitambaa. Dakika hizo huanza kuhesabiwa joto likishafika. Ukihesabu tangu ulipowasha umeme, umejidanganya.

Hapo mtu wa hesabu atasema: basi, tuangalie saa na mshale wa presha, mambo yamekwisha. Sisi tulisema hivyohivyo. Mama muuguzi akatikisa kichwa.

Adui mkubwa wa mashine ile ni hewa. Hewa iliyobaki ndani inasukuma mshale wa presha sawasawa na mvuke, ila haileti joto lile. Vitabu vya maabara vinaonyesha hivi: kwa presha ileile ya paundi 15, hewa ikitoka yote, joto ni nyuzi 121. Ikitoka nusu tu, joto ni nyuzi 112. Isipotoka kabisa, ni nyuzi 100. Mshale haujasogea hata kidogo, na walio nje wote wameridhika. Sisi wahasibu tunaujua ugonjwa huo: jumla iko sawa, lakini ndani yake mna vocha hewa.

Liko na jambo la mwinuko. Hizo paundi 15 ni za usawa wa bahari. Kwetu hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo ili kufikia nyuzi 121 mshale unatakiwa kusoma takriban paundi 17. Fundi aliyezoea mashine za Dar es Salaam akija kutufungia yetu bila kukumbuka hilo, atatuachia mashine inayopungukiwa joto kila siku, na hakuna atakayejua.

Tena hata mashine ikiwa nzima, upangaji unaweza kuiharibia kazi. Vifurushi vikibanwa kama viazi kwenye chungu, vya pembeni vitaiva na vya katikati vitabaki vibichi. Kitambaa kikifungwa kwa kukaza mno, mvuke hauingii. Na kifurushi kikitoka kimelowa hakihesabiwi salama hata kama joto lilifika, kwa sababu unyevu ni njia ya vijidudu kurudi ndani.

Sasa, nani atatuambia kilichotokea ndani ya kifurushi ambacho hakuna jicho lililoingia? Hiyo ndiyo kazi ya viashiria vya rangi.

Kiashiria ni karatasi au utepe wenye wino unaobadilika rangi ukikutana na mvuke wa moto. Kwenye tepe nyingi za zamani wino ulikuwa na mchanganyiko wa risasi na salfa. Joto na unyevu vikivikutanisha huzaa salfaidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Ndiyo maana mistari iliyokuwa myeupe au ya rangi hafifu hutoka myeusi. Siku hizi viwanda vingi hutumia wino usio na risasi, na kazi ni ileile.

Viko vya aina nyingi. Kiwango cha kimataifa kinavigawa katika aina sita. Kwetu sisi wachangiaji inatosha kujua viwili.

Cha kwanza ni utepe wa nje, ule wa kufungia kifurushi. Mistari yake ikiwa myeusi inakuambia kifurushi hiki kimepita kwenye mashine. Basi. Haukuambii kwamba mvuke ulifika katikati, wala kwamba ulikaa muda wa kutosha. Faida yake ni kwamba hakuna atakayechanganya kifurushi kilichopita na ambacho bado, hata usiku wa manane umeme umekatika na mama mwenye uchungu yuko mlangoni. Utepe huu ni kama mhuri wa "IMEPOKELEWA". Unathibitisha barua imefika mapokezi. Haithibitishi kwamba bosi ameisoma.

Cha pili ni kikaratasi cha ndani. Huwekwa katikati ya vifaa, mahali ambapo mvuke hupata taabu zaidi kufika. Kilicho bora hakiridhiki na joto peke yake: kinataka joto, mvuke na muda kwa pamoja. Viko vyenye rangi inayotembea taratibu kwenye kidirisha kadiri muda unavyopita. Ikivuka alama, kifurushi kimefaulu, isipovuka, kimefeli. Muuguzi anakisoma akifungua kifurushi, kabla hajashika kifaa. Kikiwa hakijabadilika, kifurushi chote kinarudi kutakaswa upya, kinafunguliwa kingine, na mashine inachunguzwa.

Kikaratasi hiki kwetu sisi ni sawa na taarifa ya benki. Daftari lako la fedha linaweza kusema lolote. Siku ya usuluhishi, taarifa ya benki ndiyo inayosema kilichoingia kweli.

Tusiwadanganye kwamba rangi ni kila kitu. Kiashiria kinasema masharti ya kuua vijidudu yalitimia. Hakijaua wala kuhesabu kijidudu. Ushahidi wa juu zaidi ni kichupa chenye spora hai za bakteria sugu wa joto, Geobacillus stearothermophilus. Hupitishwa kwenye mashine, kisha huwekwa mahali pa joto kuona kama kuna kilichonusurika. Kipimo hicho tungependa kifanyike kwa msaada wa maabara iliyo kubwa kuliko yetu. Lakini majibu yake huja baadaye, na mama aliye mezani anahitaji jibu sasa hivi. Kikaratasi cha ndani kinalitoa palepale.

Labda mtasema ni mambo ya hospitali kubwa. Hapana, ndugu. Kituo chetu tayari kinaishi na kiashiria cha namna hii. Fungueni jokofu la chanjo, mtaona kwenye vichupa duara lenye kimraba katikati. Kimraba hicho huanza kikiwa cheupe kuliko duara, na huwa cheusi zaidi kadiri chanjo inavyopata joto. Kikifanana na duara, chanjo hiyo haitumiki tena. Alama hiyo ilianza kuwekwa kwenye chanjo ya polio ya matone mwaka 1996. Leo muuguzi wa zahanati iliyo ndani kabisa porini anaweza kukataa chanjo iliyoharibika bila kumpigia mtu simu. Rangi imempa mamlaka ya kusema hapana.

Na sisi watu wa ukanda wa dhahabu tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, dhahabu inapimwa, inaandikwa, na muuzaji anaondoka na karatasi. Hata kabla ya hapo, hakuna mnunuzi wa Katoro wala Kakola aliyetoa fedha yake kwa sababu tu kipande kinametameta. Alikikwangua kwenye jiwe, akadondoshea asidi, akatazama alama inabaki au inapotea. Kwa gramu moja ya dhahabu tunapima. Kwa tumbo la mama zetu tumekubali plasta na kalamu?

Tuwasimulie jambo lililotuumiza, kisha tufike kwenye ombi. Binti mmoja wa kata yetu, mke wa mchimbaji mdogo, alijifungua kwa upasuaji. Mtoto alitoka salama. Kidonda cha mama kikaharibika, akalala wodini wiki nyingi, mume akauza karasha aliyokuwa na hisa ndani yake. Ndugu zake walipotujia waliuliza swali moja: je, ni vifaa? Tulikwenda kutafuta jibu kwenye kumbukumbu, maana ndivyo tulivyosomeshwa. Hapakuwa na kumbukumbu. Kidonda kinaweza kuharibika kwa sababu nyingi. Hatuwezi kusema vifaa ndivyo vilivyosababisha. Hatuwezi pia kusema havikusababisha. Wauguzi waliofanya kazi usiku ule kwa uaminifu hawana karatasi ya kuwatetea, na familia ile haina karatasi ya kuipa amani. Wote wamebaki na maneno.

Mkaguzi akikuta hali hiyo kwenye vitabu, hatoi hati safi. Nasi hatuwezi kujipa hati safi kwa mashine ile, ijapokuwa ipo, inang'aa, na fedha yake ilitumika ipasavyo.

Sasa ombi letu. Kuanzia mwaka 2017 serikali imeboresha vituo vingi vya afya nchini ili viweze kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi, na akina mama wanavikimbilia. Kazi ya mashine yetu itaongezeka tu. Tulipiga hesabu pamoja na mama muuguzi: vifurushi vinne kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 52. Hivyo ni vifurushi 1,248 kwa mwaka. Kila kifurushi kikaratasi kimoja cha ndani. Tukiweka akiba, tunahitaji vikaratasi 1,500. Kila kifurushi hula utepe kama sentimita 12. Jumla ni karibu mita 150, yaani roli tatu za mita 50. Tununue nne. Na tununue daftari moja kubwa lenye safu za tarehe, namba ya mzunguko, joto, presha, dakika, jina la aliyeendesha, na nafasi ya kubandika kipande cha utepe. Kikaratasi cha ndani kitabandikwa kwenye jalada la mgonjwa mwenyewe.

Bei tulizopewa na wauzaji zipo kwenye jedwali la bajeti. Mkizilinganisha na gharama ya mashine mtaona ni kiasi kidogo, na ndiyo maana tulikisahau. Kidogo kinachorudi kila mwaka hakipigiwi picha. Hakina utepe wa kukata. Mtu akichangia kitanda, jina lake huandikwa ubavuni. Akichangia kikaratasi, kinabandikwa kwenye jalada na kufungiwa kabatini. Tunawaomba mchangie kisichoonekana.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aongeze kiasi kidogo cha kila mwezi kwenye mfuko wa matumizi ya mashine, mbali na michango ya ujenzi, na mfuko huo usiguswe kwa jambo jingine hata pakitokea msiba. Misiba ina mfuko wake. Pili, fundi aje mara moja kwa mwaka kukagua vali, mpira wa mlango na vipimo, akiwa amekumbushwa mwinuko wetu. Tatu, manunuzi yapitie kwa mganga mfawidhi na kamati ya afya ya kituo, ili tununue kinachofanana na mashine iliyopo.

Hilo la tatu tunalisisitiza kwa ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Uarabuni, ambao moyo wao tunaujua. Msinunue kwa kuvutiwa na rangi. Hospitali kubwa zina mashine zinazotakasa kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, kwa ajili ya vifaa visivyostahimili joto, na viashiria vyake ni vingine kabisa. Kiashiria cha mashine moja hakisemi ukweli kwenye mashine nyingine. Viashiria vina tarehe ya mwisho wa matumizi, na hutunzwa pakavu, mbali na joto na dawa za klorini. Boksi lililopitwa na wakati, hata likiwa la bure, ni hasara.

Kwa upande wetu tunaahidi hivi. Mwakani tukisimama hapa hatutawaonyesha picha ya mashine. Tutakuja na nakala ya kurasa za daftari, bila jina la mgonjwa yeyote: mizunguko mingapi ilifanyika, mingapi ilifaulu, mingapi ilifeli na nini kilifanyika. Msituogope tukisema mingine ilifeli. Daftari lisilo na hata kosa moja mwaka mzima ndilo litakalotutia wasiwasi. Mzunguko uliofeli ukagunduliwa ni mama mmoja aliyeepushwa.

Mama muuguzi anastaafu karibuni. Tulipokuwa tunaaga alitushika mikono, akasema anachotaka ni kuondoka akiwa ameona hata wiki moja tu ambayo kila kifurushi alichokifungua kilikuwa na jibu ndani yake. Wiki moja ni vifurushi 24. Bahasha zipo mezani kwenu, na mweka hazina msaidizi anapita na kitabu cha stakabadhi. Hakikisheni mnapewa stakabadhi. Msituamini kwa sura.